Polima za chapa, kingamwili, aptama au C18: kipi kichopoe molekuli yako kwenye damu na mkojo?

Kama unachotafuta ni molekuli ndogo, chini ya daltoni elfu moja hivi (daltoni ni kipimo cha uzito wa molekuli), na sampuli zako ni nyingi na chafu, polima za chapa, yaani polima ngumu zenye matundu ya umbo la molekuli hiyo, zinastahili kufikiriwa kwa uzito. Kama unatafuta protini nzima, anza na kingamwili. Na kama bado hujajaribu katriji ya kawaida ya C18, kijimrija chenye chembe za kunasa molekuli, usinunue wala kutengeneza kitu kingine kabla ya kuijaribu. Hivyo ndivyo ninavyomjibu kila anayeniuliza. Lakini jibu hilo hugeuka katika mazingira fulani, na ni vizuri ujue hugeuka wapi kabla hujatumia miezi kwenye njia isiyokufaa.

Tatizo lenyewe linajulikana na kila anayepima vitu vidogo ndani ya vimiminika vya mwili. Lita moja ya plazma ina gramu 35 hadi 50 za albumini peke yake, ilhali homoni kama estradioli hupimwa kwa pikogramu kwa mililita. Ukipeleka sampuli ghafi kwenye kromatografia, inayotenganisha vilivyomo kwa kuvipitisha kwenye mrija uliojaa chembe, protini zitaziba mrija huo. Fosfolipidi, aina ya mafuta ya damuni, nazo zitaingia kwenye spektrometa ya masi (mashine inayopima masi ya molekuli) sambamba na unachokitafuta na kupunguza ishara yake bila wewe kujua. Lazima uvute unachokitaka na kuacha mengine. Njia hizi nne, ya nne ikiwa aptama (vipande vya RNA au DNA vinavyojikunja na kushika molekuli fulani), zinatofautiana katika jambo moja kubwa: uchaguzi huo unafanywa na nini, na katika mazingira gani.

C18: pa kuanzia

Chembe za silika zilizovikwa minyororo ya kaboni 18 hushika karibu kila kisichopenda maji. Hazichagui, zinakusanya. Kazi ya kutenganisha inaachiwa kromatografia na spektrometa, na mara nyingi hiyo inatosha kabisa. Spektrometa ya masi ya hatua mbili huitambua molekuli kwa masi yake na kwa vipande inavyovunjika, na kiwango cha ndani chenye deuteriamu, yaani nakala nzito ya molekuli ileile uliyoiongeza mwanzoni, hufidia kilichopotea njiani. Ukihamia katriji za mchanganyiko, zile zenye makundi ya chaji pamoja na sehemu isiyopenda maji, dawa nyingi za asili ya besi zitashikwa kwa chaji huku ukiosha uchafu kwa methanoli bila hofu. Kazi nzima unaweza kuipanga ndani ya siku chache.

Njia hii hugoma pale unapotakiwa kukoleza sampuli mara mia au zaidi, kwa sababu uchafu nao hukolezwa kwa kiwango kilekile. Hugoma pia ukiwa na kigunduzi cha mwanga wa urujuanimno pekee, ambacho hakiwezi kutenganisha vitu viwili vinavyotoka kwa wakati mmoja. Hapo ndipo uteuzi unapaswa kuanzia kwenye katriji yenyewe, na hapo ndipo njia nyingine tatu zinapoingia.

Theofilini mbele ya washindani watatu

Kuna molekuli moja inayotuwezesha kuzilinganisha njia hizo tatu kwa haki. Theofilini, dawa ya pumu, inatofautiana na kafeini kwa kundi moja tu la metili: daltoni 180 dhidi ya 194. Mgonjwa anayekunywa chai au kahawa atakuwa na vyote viwili damuni, na daktari anahitaji kujua theofilini pekee, kwa kuwa pengo kati ya dozi inayotibu na inayodhuru ni dogo.

Kingamwili za theofilini zimetumika kwa miaka mingi katika vipimo vya hospitali. Mwaka 1993, Klaus Mosbach na wenzake wa Lund, Sweden, walichapisha katika jarida la Nature polima za theofilini na diazepamu zilizotofautisha molekuli kwa ukali uliokaribia ule wa kingamwili. Polima ya theofilini iliichanganya dawa hiyo na kafeini kwa chini ya asilimia 1. Mwaka uliofuata ikatangazwa aptama ya RNA iliyoishika theofilini mara 10,000 zaidi ya kafeini, ukali unaozipita kingamwili.

Kwa hiyo kama kigezo chako ni uteuzi peke yake, yeyote kati ya hao watatu anaweza kukufaa. Lakini angalia kila mmoja alifanya kazi yake ndani ya nini. Kingamwili ilihitaji maji, chumvi na pH ya karibu na ile ya mwili. Aptama ilihitaji magnesiamu, na RNA isiyokingwa huliwa na vimeng'enya vya damu kwa muda mfupi mno. Polima ilipata matokeo yale mazuri ndani ya asetonitraili yenye asidi asetiki kidogo, si ndani ya seramu. Ndiyo maana mimi humuuliza mtu kwanza sampuli yake itakuwa ndani ya kimiminika gani inapokutana na kitu cha kuishika. Jina la njia aipendayo linaweza kusubiri.

Polima ya chapa inavyotengenezwa

Unachukua molekuli unayoitaka kama kiolezo, unaichanganya na monoma (molekuli ndogo zinazoungana kuwa polima) zinazoweza kushikana nayo, mara nyingi asidi ya methakrili, kisha unaongeza kwa wingi kiungo cha kufunga minyororo, na vyote vinakuwa ndani ya kiyeyusho kama asetonitraili, kloroformu au tolueni. Uwiano uliozoeleka, kwa idadi ya molekuli, ni kiolezo 1, monoma 4, kifungio 20. Joto la nyuzi 60 au mwanga wa urujuanimno huanzisha mmenyuko, na kufikia asubuhi una kipande kigumu. Unakisaga, unakichekecha, unaosha kiolezo kitoke, na kinachobaki ni matundu yenye umbo na mpangilio wa makundi ya kikemia yanayolingana na molekuli ile, kama unyayo kwenye udongo uliokauka.

Wazo hili ni la zamani. M. V. Polyakov aliona dalili zake kwenye silika mwaka 1931, Günter Wulff akalileta kwenye polima za kikaboni mwaka 1972 kwa kutumia viungo vya kovalenti, na kundi la Mosbach likalirahisisha katika miaka ya 1980 kwa kutumia nguvu hafifu kama viungo vya haidrojeni. Kwa wapimaji wa sampuli za mwili, mwaka wa kukumbuka ni 1994, Börje Sellergren alipotumia polima ya namna hii kuvuta dawa ya pentamidini moja kwa moja kutoka kwenye mkojo.

Kinachovutia ni ugumu wa kitu chenyewe. Kinakaa kabatini kwa miaka bila jokofu, kinavumilia asidi, besi, joto na viyeyusho ambavyo vingeiharibu kingamwili mara moja, na mnyama hahitajiki. Kutengeneza kingamwili dhidi ya molekuli ndogo ni safari ndefu zaidi: mwili wa mnyama hauioni molekuli ndogo hivyo ikiwa peke yake, kwa hiyo lazima kwanza uibandike kwenye protini kubwa, uchanje, usubiri miezi, kisha uchuje kilichopatikana.

Polima huizidi kingamwili pia kwa kiasi inachobeba. Kingamwili moja ina daltoni 150,000 na nafasi mbili za kushikia. Miligramu nzima ya kingamwili, zote zikiwa hai, haiwezi kubeba zaidi ya mikrogramu 4 za molekuli ya daltoni 300. Polima ina nafasi nyingi zaidi kwa kila gramu. Ila nafasi hizo hazilingani: chache zinashika kwa nguvu sana, nyingi zinashika kwa ulegevu. Ukipakia kupita kiasi unaanza kutumia zile legevu, na uteuzi unashuka.

Uteuzi huzaliwa wakati wa kuosha

Hapa ndipo watu wengi hukata tamaa na polima za chapa, na inaniuma kwa sababu tatizo lina dawa. Mtu anapakia plazma au mkojo, anaona polima yenye chapa na ile isiyo na chapa (iliyotengenezwa vilevile lakini bila kiolezo) zote zimeshika karibu asilimia 90, anahitimisha kwamba chapa haifanyi kazi.

Ndani ya maji, viungo vya haidrojeni ambavyo matundu yanavitegemea vinashindana na maji yenyewe, na maji ni mengi mno. Kinachobaki kuishika molekuli ni uso wa polima usiopenda maji, sawasawa na C18. Kwa hiyo wakati wa kupakia, katriji yako ni C18 ya bei mbaya. Uteuzi unakuja baadaye. Unapitisha maji kidogo kuondoa chumvi na protini, kisha unaikausha katriji kwa kuvuta hewa hadi iwe kavu kabisa. Usiharakishe hapo, maana maji yaliyojificha kwenye vinyweleo vya polima yatazuia hatua inayofuata. Sasa unapitisha kiyeyusho kile kile kilichotumika kutengenezea polima, kwa mfano asetonitraili au diklorometheni. Vyote vilivyong'ang'ania kwa kutopenda maji tu vinaachia na kutoka. Molekuli iliyo karibu na matundu inahamia ndani yake, na pasipo maji viungo vya haidrojeni vinapata nguvu. Mwisho unaitoa kwa methanoli yenye asidi asetiki asilimia 5 hadi 10.

Mililita moja tu ya ziada ya kiyeyusho cha kuosha inaweza kukupotezea sehemu ya unachokitafuta, na mililita moja pungufu inaweza kukuachia uchafu. Hatua hii ndiyo ya kuifanyia kazi kwa uvumilivu, kwa kupima kila mililita inayotoka kwenye katriji zote mbili, yenye chapa na isiyo nayo. Kama huna muda huo, kingamwili itakufaa zaidi: yenyewe huchagua ndani ya maji tangu mwanzo, unaosha kwa bufa (maji yenye pH thabiti), unatoa kwa glisini ya pH karibu 2.5 au kwa methanoli, umemaliza.

Kiolezo kinachovuja

Hili ndilo jambo ninalotaka ulipigie hesabu kwa kalamu kabla ya kuamua. Chukua uwiano wa 1:4:20 na kiolezo cha ukubwa wa theofilini. Kila gramu ya polima inabeba takriban miligramu 42 za kiolezo siku inapotengenezwa, kwa hiyo katriji ya miligramu 50 ilianza na miligramu 2.1. Tuseme umeosha vizuri ukaondoa asilimia 99. Kimebaki mikrogramu 21. Sasa tuseme sehemu moja tu katika elfu ya hicho kilichobaki inachomoka unapotoa sampuli: ni nanogramu 21. Kama mgonjwa wako ana miligramu kwa lita, kama ilivyo kwa theofilini, huoni tofauti yoyote. Kama ana nanogramu 5 kwa mililita na umepakia mililita moja, katriji yako imetoa mara nne ya alichonacho mgonjwa.

Suluhisho lililozoeleka ni kutumia kiolezo mbadala, ndugu wa karibu wa molekuli unayoipima. Kwa klenbuteroli, kwa mfano, polima imetengenezwa kwa brombuteroli. Kinachovuja ni brombuteroli, na kromatografia inaitenga. Ukinunua katriji iliyo tayari, uliza kiolezo kilikuwa nini. Muuzaji asipojibu, na viwango vyako ni vya nanogramu au chini yake, tafuta kwingine.

Njia hii ikipangwa vizuri inafika mbali sana. Mwaka 2005 wanasayansi wa CDC, taasisi ya afya ya umma ya Marekani, walieleza namna ya kupima NNAL, zao la kemikali ya tumbaku inayosababisha saratani, kwenye mkojo kwa katriji ya polima ya chapa na spektrometa ya masi, kwa viwango vya pikogramu kwa mililita. Mkojo ni mchafu, molekuli ni ndogo na imara, kiwango ni cha chini mno na sampuli ni nyingi. Sijui mfano unaoonyesha wazi zaidi mahali ambapo polima ya chapa inastahili kuchaguliwa.

Protini: hapa niko makini zaidi

Protini hailingani na mbinu ile ya kawaida kwa sababu nyingi zinazokuja pamoja. Ni kubwa, inakwama ndani ya polima iliyofungamana sana. Inapoteza umbo lake kwenye asetonitraili. Inahitaji maji, na maji hudhoofisha viungo vya haidrojeni. Ina uso mpana wenye sehemu nyingi zinazoweza kunata popote.

Watafiti hawajakaa kimya. Kuna kuchapa juu ya uso tu, ambapo tabaka jembamba la polima, mara nyingi la polidopamini, hujengwa kuzunguka punje za sumaku za oksidi ya chuma. Kuna kuchapa kwa kipande kifupi cha protini, asidi amino chache za mwisho wa mnyororo, ili protini nzima ishikwe kwa mkia wake. Kuna asidi za boroni, ambazo hufungamana na sukari za glikoprotini kwenye pH ya besi na kuziachia kwenye asidi. Na kuna nanochembe zinazotengenezwa juu ya kiolezo kilichobandikwa kwenye shanga za kioo, ambazo huchujwa kwa joto ili zibaki zile zinazoshika kwa nguvu.

Lakini unaposoma kazi hizi, angalia ni protini gani iliyotumika. Lisozimi inapendwa sana, na ina chaji chanya kali kwenye pH ya kawaida kwa kuwa pI yake, yaani pH ambapo chaji yake ni sifuri, iko karibu na 11. Itashikwa na polima yoyote yenye asidi, iwe na chapa au isiwe nayo. Matokeo mazuri ya lisozimi hayakuambii polima hiyo itafanya nini na troponini, protini ya misuli ya moyo, ndani ya plazma iliyojaa albumini.

Njia ninayoiamini zaidi kwa protini ni kuikwepa protini yenyewe. Unakata protini zote za seramu kwa tripsini, kisha unavuta peptidi moja, yaani kipande kifupi, ambayo ni ya protini yako pekee. Peptidi ya asidi amino tisa au kumi ni molekuli ndogo, inavumilia viyeyusho, na polima inaimudu. ProGRP, kialama cha saratani ya mapafu ya seli ndogo, imeshughulikiwa hivyo. Kama unahitaji protini ikiwa nzima na hai, kwa mfano kupima utendaji wake, chukua kingamwili na usisite.

Kwa kutazama mara moja

| | C18 na mchanganyiko | Polima ya chapa | Kingamwili | Aptama |
|---|---|---|---|---|
| Uteuzi | wa kundi zima | mkubwa, baada ya kuosha kwa kiyeyusho | mkubwa tangu kupakia | mkubwa, ukitegemea ioni |
| Inafaa zaidi | dawa na mazao yake | molekuli ndogo, peptidi | protini, homoni, sumu za kuvu | molekuli ndogo, baadhi ya protini |
| Kuhifadhi | kabatini | kabatini | jokofu | ikiwa kavu, kabatini. Ikiwa majimaji, jokofu |
| Viyeyusho vya kikaboni | inavumilia | inavumilia na inavihitaji | huharibika kwa urahisi | hupoteza umbo, mara nyingi hurudi |
| Hatari kuu | uchafu unaoambatana | kiolezo kuvuja | kiasi kidogo inachobeba, toleo kutofautiana | vimeng'enya vya sampuli |

Aptama sijazipa nafasi kubwa kwa sababu uamuzi wake ni mwepesi. Tangu mwaka 1990, mbinu ya kuzichagua ilipotangazwa, zimekuwa imara kwenye vihisio. Kwa kuchopoa kutoka kwenye damu zinahitaji marekebisho ya kikemia ili vimeng'enya visizile. Ukiwa na aptama ya DNA inayojulikana kwa molekuli yako, na bufa yako haiwezi kubadilishwa kuwa kiyeyusho cha kikaboni, ijaribu. Vinginevyo pita.

Majaribio kabla ya kujifunga

Ukielekea kwenye polima, usikubali kushawishiwa na majaribio yaliyofanywa ndani ya kiyeyusho safi. Dai majaribio ndani ya sampuli yenyewe, na polima isiyo na chapa ikiwa pembeni katika kila hatua. Bila hiyo ya pili huwezi kujua kama unachokiona ni chapa au ni unataji wa kawaida. Weka na ndugu wa karibu wa molekuli yako, kama kafeini kwa theofilini.

Chukua plazma tupu za watu sita tofauti, ambayo ndiyo idadi ya chini inayotakiwa na ICH M10, mwongozo wa kimataifa wa kuthibitisha vipimo vya dawa mwilini, kwa kupima uteuzi, na uone kama zote zinatoa sifuri. Ongeza plazma yenye mafuta mengi na nyingine yenye damu iliyovunjika, kwa sababu wagonjwa halisi watakuletea zote mbili. Matokeo yako ya usahihi yawe ndani ya asilimia 15 ya thamani halisi, na 20 kwenye kiwango cha chini kabisa.

Halafu pitisha sampuli yenye kiwango cha juu, na mara baada yake sampuli tupu kwenye katriji ileile. Ukiona kitu, tumia kila katriji mara moja tu, hata kama uliambiwa inarudiwa mara nyingi. Mwisho, tengeneza au agiza toleo la pili la polima na urudie jaribio la kuosha. Polima iliyosagwa kwa mkono hutofautiana toleo hadi toleo kwa ukubwa wa chembe, na mililita ya kuosha uliyoipanga kwa uangalifu kwenye toleo la kwanza inaweza isiwe sahihi kwenye la pili.